Kisima Nyuma ya Ghala la Kimea

London, 2 Aprili 1592

Dada yangu Ursula,

Nakusalimu kutoka chumba changu kilekile, juu ya duka la mtengeneza mishumaa, nikitumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Josias na mtoto wetu Judith. Mimi sijambo, ila nimekonda. Hilo usimwambie mama. Mwambie nakula, navaa soksi kavu, na Jumapili naenda kanisani. Mawili kati ya hayo ni kweli.

Mchukuzi aliyekuletea barua hii ana kifurushi pia. Ni kitabu cha hadithi za Waitaliano, kimetafsiriwa kwa Kiingereza chetu. Wasomee wanawake wenzako mnaposokota sufu. Dada, ungeuona mji huu! Pale uani pa kanisa la Mtakatifu Paulo vibanda vya vitabu vimekuwa vingi kama vya samaki. Warumi, Wagiriki, Wafaransa, kila mfu wa zamani anafufuliwa na kuvishwa nguo zetu. Vijana wenzangu wanatunga mashairi ya mapenzi ya mistari kumi na minne, kama wafanyavyo Italia, kwa wanawake ambao hawajawahi hata kuwasalimia. Neno likikosekana katika Kiingereza, tunalichukua kwenye Kilatini, tunalikata mkia, tunalitumia. Wakumbuka wazee walivyosema lugha yetu ni ya kuitia ng'ombe tu? Waje sasa waisikie.

Habari kubwa ni hii: wachezaji wa ng'ambo ya mto wamenunua mchezo wangu. Nimeufuata mtindo wa Warumi, uleule ambao mwalimu wa shule alinichapa mpaka ukaniingia. Una sehemu tano, na mistari ya silabi kumi, bila vina, inayotembea kama moyo unavyodunda. Na kama kwa Warumi, wa kwanza kutokea ni mzuka. Anapanda kutoka chini ya jukwaa, anasimulia alivyouawa, anadai kisasi. Mchungaji wetu alitufundisha kwamba wafu hawarudi, tangu ile toharani ya zamani ilipofutwa. Basi Warumi wameturudishia mizuka kwa mlango wa nyuma.

Nakunakilia mistari mitatu. Sijui ilitoka wapi. Nilikaa kuandika, na ilikuwa tayari:

*Nilishuka hai mahali pa ndoo,*
*mawe meupe wakanimwagia,*
*na wa kwangu waliketi wakala.*

Amekufa kisimani, nyuma ya ghala la kimea. Niambie unaionaje.

Mdogo wako,
Gilbert

---

Thornwade, 29 Aprili 1592

Mdogo wangu Gilbert,

Salamu zako zimefika, na zetu zipokee. Judith alikuwa na kikohozi, kimepoa. Kondoo wa Josias wamezaa mapacha mara tatu, na sasa anatembea kijijini kama yeye ndiye aliyewazaa. Mama yupo. Macho yanazidi kufifia, lakini ulimi ni uleule. Nilipomwambia unakula, akasema, "Anakula nini, wino?"

Kitabu tumekipenda. Mke wa Cobbold alilia katika hadithi ya yule bibi aliyepewa moyo wa mpenzi wake kwenye sahani, kisha akaniambia nirudie mahali pa sahani. Hao Waitaliano hawana kazi za kufanya? Lakini jioni wanawake wanakuja hata wasio na sufu ya kusokota. Wanakaa tu, wanasikiliza. Sikuwahi kuona jambo kama hilo.

Mashairi bila vina siyajui. Kwangu ni kama kiti bila mgongo.

Gilbert, huyo mzuka wako mbadilishe. Mfanye azame baharini. Warumi wako walikuwa na bahari, si ndiyo? Au apewe sumu, au achomwe upanga, kama watu wa maana. Kisima ukitoe. Mawe meupe yatoe. Na nani aliyekwambia kwamba watu waliketi wakala?

Karatasi yenye mistari ile nimeichoma. Usiiandike tena.

Dada yako,
Ursula

---

London, 21 Mei 1592

Dada yangu,

Nimefurahi kusikia Judith amepona. Mpongeze shemeji kwa uzazi. Huku joto limeanza mapema na mto unanuka. Mwenye nyumba wangu anasema mtaa wa pili kuna nyumba imepigiwa misumari kwa ajili ya tauni, lakini yeye husema hivyo kila mwaka.

Nilicheka nilipokusoma. Hakuna aliyeniambia, Ursula. Mtunzi huambiwa na nani? Nilikumbuka kile kisima chetu kilichozibwa, kile ambacho mama alisema maji yake yalioza, nikakitumia kama mtu anavyotumia kigogo kilicho karibu. Lakini wewe ndiye dada yangu mkubwa, na sikuzoea kukukatalia. Nikabadilisha. Nikaandika bahari, mawimbi, na samaki wakimla macho. Ilikuwa mistari mizuri.

Nikampelekea mwandishi wetu wa nakala, mzee Pask, mtu makini ambaye hajawahi kuongeza hata nukta. Nakala ikarudi na kisima.

"Pask," nikamwambia, "umelewa?"

"Nimenakili ulichoandika."

"Mimi niliandika bahari!"

Akaitoa karatasi yangu mwenyewe, akainyoosha mezani. Ursula, ilikuwa mwandiko wangu, na R yangu yenye mguu mrefu unayoicheka daima. Ilikuwa kisima. Nikaandika bahari tena palepale, mbele yake, naye akanakili nikimwangalia.

Mchezo ukaonyeshwa Jumanne. Mzuka alichezwa na Humphrey Dacey, jitu lenye sauti kama pipa tupu, aliyekariri bahari siku nne nzima. Akapanda kutoka kwenye mlango wa sakafuni, uso umepakwa unga, akafungua kinywa. Akasema kisima. Akasema mawe meupe, akasema waliketi wakala. Watu elfu mbili walikuwa wakitafuna matunda na kusukumana, na wote walinyamaza kwa pamoja. Nilisikia bendera ya juu ya paa ikipepea.

Nikamfuata nyuma ya jukwaa. "Dacey, ile bahari imekwenda wapi?"

"Si mmebadilisha?" akaniambia. "Kuna mtu alikuwa chini ya sakafu ananitangulizia maneno. Nikadhani ni wewe."

Chini ya sakafu hapakuwa na mtu. Mlango wa chini hufungwa kwa nje, na ufunguo anao mkuu wa wachezaji.

Mchezo umependwa mno. Wanautaka tena wiki ijayo. Lakini sasa sicheki, dada. Kwa nini uliniambia nikitoe?

Gilbert

---

Thornwade, 18 Juni 1592

Gilbert,

Sote tuna afya. Mvua imetusumbua, sufu haikauki. Judith amekuchorea farasi, au labda ni meza, nimeiweka humu.

Uliuliza kwa nini. Usiulize.

Nitakuambia la mama, kwa kuwa ni haki yako. Tangu mwezi wa Mei ameanza kwenda kuketi nyuma ya ghala, juu ya yale mawe. Anabeba kiti chake mwenyewe, yeye ambaye kijiko kinamshinda. Juzi nilimfuata.

"Mama, ingia ndani, umelowa."

"Nyamaza," akaniambia. "Siwezi kusikia ukiongea."

"Kusikia nini?"

"Anajifunza maneno mapya. Zamani hakuwa anasema vizuri hivi."

Josias anacheka, anasema uzee umempanda kichwani. Mimi nilimbeba kama mtoto nikamwingiza ndani, na usiku ule nilimpa maziwa ya moto.

Kama unatupenda, watungie mchezo mwingine. Mchezo wa mapenzi. Mchezo wa mfalme. Huo uutupe kwenye huo mto wenu unaonuka.

Ursula

---

London, 14 Julai 1592

Dada,

Mwambie Judith farasi wake nimembandika ukutani, na wageni wote wanamsifia kwamba ni meza nzuri.

Huku kumekuwa kubaya. Safari hii mwenye nyumba hakukosea. Mtaani kwetu milango sita ina msalaba mwekundu, na kengele hazitulii. Wakuu wa mji wamefunga majumba ya michezo, na wachezaji wamekwenda mikoani kutafuta riziki. Wamepitia njia ya mashariki. Colchester kwanza, kisha miji ya sufu, na katikati ya Agosti watakuwa Thornwade, katika ua wa nyumba ya wageni. Wamechukua mchezo wangu. Nilimwomba mkuu wao auache. "Bwana Mawle," akasema, "uliuza. Si wako tena." Ni kweli, si wangu. Nami siwezi kuondoka, kwa sababu nyumba yetu imefungiwa. Binti wa mtengeneza mishumaa anaumwa. Barua hii imefukizwa moshi wa siki kabla ya kutoka, ndiyo maana inanuka hivyo.

Nimekaa ndani siku tisa nikiwaza. Ursula, sikiliza. Nilikuwa na miaka sita wakati baba alipokwenda vitani Uholanzi. Ndivyo mlivyoniambia, kwamba aliondoka alfajiri na kikosi cha kujitolea, akafia huko. Lakini nakumbuka siku moja. Mchana mweupe, nguo zimeanikwa, na mahali fulani mtu anaita. Wewe ulinipakata mapajani, ukaniziba masikio kwa viganja vyote viwili, ukawa unaimba. Uliimba mpaka sauti ikakauka. Kisha tukaitwa kula.

Baba alikwenda Uholanzi kweli?

Nijibu kabla hawajafika.

Gilbert

---

London, 9 Agosti 1592

Dada yangu,

Wiki karibu nne, na hujanijibu. Naambiwa wachukuzi wanazuiwa barabarani kwa hofu ya tauni, basi najipa moyo kwamba ni hilo tu. Msichana wa hapa nyumbani amefariki. Mimi bado nasimama kwa miguu yangu.

Lakini nina neno la kukutuliza. Leo nimepata barua ya mkuu wa wachezaji. Humphrey Dacey alishikwa na homa Colchester, akafa tarehe 2 na kuzikwa hukohuko. Hakuna mwingine anayeweza kuicheza nafasi yake, na hakuna anayetaka. Wanasema mlango wa sakafuni umewachosha. Wamemkata mzuka kabisa. Sasa mchezo unaanza moja kwa moja na mabwana wawili wakizungumza bustanini.

Kwa hiyo wakifika Thornwade nenda ukaone kazi ya mdogo wako, na mama umchukue, ajue wino unalisha. Hakuna kisima tena. Hakuna atakayesikia lolote.

Gilbert

---

Thornwade, 16 Agosti 1592

Mdogo wangu,

Mama amefariki jana asubuhi. Nakuambia kwanza, ili usome mengine ukiwa umeketi. Hakuumia. Alizikwa leo, na mchungaji alisema maneno mema.

Barua yako ya Julai ilinifikia. Nilianza kuijibu mara tano. Baada ya hapo sijapata nyingine.

Wachezaji walikuja Jumapili jioni, wakacheza Jumatatu mchana. Sikutaka kwenda. Lakini mama alivaa mwenyewe, akafunga kofia yake ya Pasaka, akasimama mlangoni. "Mwanangu ameandika," akasema, "mnataka nikae na kuku?" Tukaenda, mimi na yeye na Josias. Ua ulijaa mpaka kwenye ngazi. Mke wa Cobbold alitubana kwa ubavu wake, akitafuna tufaha.

Tarumbeta ikalia. Naye akatoka, Gilbert. Sijui walimtolea wapi, maana pale ni mbao juu ya mapipa tu, hakuna mlango wa sakafuni. Alisimama ukingoni kabisa, karibu nasi. Hukuniambia kwamba angekuwa mwembamba. Uliniandikia jitu. Nguo zake zililowa zikamshika mwilini, na kucha hakuwa nazo. Nikasema moyoni, London wanajua kazi yao.

Nilingoja adai kisasi. Ulisema mizuka ya Warumi hudai damu, nami nilikuwa nimejiandaa kumfunika mama masikio. Hakudai. Alisema maneno mawili tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Ursula. Kamba."

Mama akasimama. Yeye asiyeona bakuli mbele yake alimtazama usoni.

"Mwache mtoto," akamwambia. "Ni mimi niliyemkataza. Nilikusukuma mimi, na kamba nikaificha mimi, Edmund, na ningefanya tena. Sasa nyamaza. Miaka kumi na minane unapiga kelele."

Watu wakaanza kucheka. Josias akamshika mkono, ameiva kwa aibu. Nilipogeuka jukwaani, wale mabwana wawili walikuwa wakizungumza, na yule hakuwapo. Mke wa Cobbold akaninong'oneza, "Mama yako anaongea na nani, jamani?" Nikadhani ananikejeli. Nilikuwa karibu kumzaba kofi.

Sasa jibu lako.

Baba hakwenda Uholanzi. Siku ile ulimwaga kikapu cha kimea. Alikuwa amelewa tangu asubuhi. Alikushika miguu, akakuning'iniza kichwa chini juu ya kisima, akawa anahesabu. Mimi nilikunyakua, na mama akamsukuma. Hakufa, Gilbert. Maji yalikuwa haba mwaka ule. Aliita tangu kabla ya chakula cha mchana mpaka jua lilipoinama. Mwanzo alitukana. Halafu aliomba. Mwishoni alikuwa ananiita mimi tu, nishushe kamba. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilijua kamba ilipofichwa. Nilikaa, nikakuziba masikio. Kisha mama akapakua, tukala, kwa sababu wewe ulikuwa na njaa.

Siku ya tatu mama alileta mikokoteni miwili ya mawe ya chokaa, akakiziba kisima.

Sikukuambia, kwani ungejiona wewe ndiye sababu. Hukuwa sababu. Ulikuwa mtoto aliyemwaga kimea.

Mama hakusema tena baada ya mchezo. Alilala akielekea ukutani, siku mbili, akaondoka.

Ursula

---

Thornwade, 5 Septemba 1592

Gilbert,

Wiki iliyopita nilipokea barua yako ya Agosti 9. Mchukuzi anasema aliwekwa karantini siku kumi na sita nje ya Chelmsford.

Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi chini jikoni. Nikaenda kwa mke wa Cobbold. Alikuwa anakamua jibini.

"Niambie ukweli," nikasema. "Mchezo ulianza vipi?"

"Mabwana wawili. Bustani. Hukuwepo?"

"Kabla yao?"

"Kabla yao tarumbeta." Akaacha kukamua. "Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Na mama alipoongea, palikuwa na mtu mbele yake?"

"Palikuwa na mbao, mwanangu. Alikuwa akiziambia mbao."

"Na mimi? Mimi nilikuwa nafanya nini?"

Akarudia jibini lake. Nilimshika mkono.

"Ulikuwa umeinama," akasema. "Mikono mbele, hivi, mmoja baada ya mwingine. Kama mtu anayeshusha kitu. Nilijua msiba unakuja kwenu."

Gilbert, mimi sikumbuki kuinama.

Jioni hiyo nilimwambia Josias yote. Sikutegemea anielewe. Akaenda kumwita mchungaji, na asubuhi wakaja wanaume wanne na majembe. Iliwachukua siku mbili kuyatoa mawe. Mchimba visima aliteremka. Baba alikuwa amesimama. Mgongo umeegemea ukuta, mkono mmoja juu, na ukuta wa kisima juu yake umechongwa mashimo madogo madogo ya kushikia, hatua nne, moja juu ya nyingine. Kwa kucha. Ya tano hakuimaliza.

Josias na wenzake walitaka kuvuta wao. Nilisema hapana. Nilishika kamba mimi, nikavuta mimi, na hakuwa mzito. Mchungaji ameandika kwamba alianguka. Baba amelazwa kaskazini mwa kanisa, mbali na mama. Nilidhani wote wawili wangependa hivyo. Kama kuna hakimu atakayeniuliza siku moja juu yangu, nitamjibu. Mpaka sasa hakuna aliyeuliza.

Wanawake wamerudi na sufu zao. Hawataki hadithi za Waitaliano tena. Wananiuliza ule mchezo wako unakwendaje, nami nawasimulia, mistari isiyo na vina, niliyoikumbuka bila kujua kwamba naikumbuka. Ulisema inatembea kama moyo. Sasa naisikia.

Mlango wenu ukifunguliwa, na ukiwa bado hai, kaa uandike. Mzuka usimwache amekatwa. Mrudishe mahali pake, mwanzoni, lakini maneno ya Warumi umvue. Asidai damu. Baba hakuwahi kudai damu. Mwache aombe kamba, kwa Kiingereza cha kwetu, na umweke mtu jukwaani wa kumshushia.

Dada yako,
Ursula